Bu Kasiyatun na Tani Sitini za Idi

Jumatano hii, tarehe 30 Aprili 2025, saa tisa alasiri, Bu Kasiyatun atavua kofia yake pana ya mianzi, ataitundika kwenye msumari wa kibanda cha uwanja wa kuanikia, na hatarudi tena kuivaa kwa amri ya kiwanda. Atakuwa amekitumikia kiwanda chetu cha Payung Miring, hapa Sidoarjo, kinachotengeneza kerupuk, vile vipande vya kukaanga vya muhogo na kamba waliosagwa, kwa miaka thelathini na minne kasoro miezi miwili. Wakurugenzi wanne wamepita mbele yake. Wawili aliwafundisha kutofautisha kerupuk kavu na mbichi, mmoja alikataa kufundishwa, na wa nne, Pak Harsoyo, ambaye ndiye mgeni rasmi wa hafla hii ya kumuaga, bado yuko masomoni.

Mimi niliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ni Yoyok wa Ofisi ya Mipango ya Uzalishaji, yaani ile ofisi inayokaa kwenye kiyoyozi na kupanga kiasi cha kazi watakachofanya walioko juani. Nimeagizwa niandike ukurasa mmoja, wenye furaha, usiomuudhi mtu. Furaha ipo, wala msiwe na wasiwasi. Kuhusu ukurasa mmoja, mnisamehe.

Bu Kasiyatun aliajiriwa Juni 1991, binti wa miaka ishirini na mmoja kutoka upande wa mabwawa ya kamba, akawekwa kwenye meza ya kumenya. Hakumaliza wiki tatu. Msimamizi wa wakati huo alileta ndoo ya kamba walioanza kunuka, akataka wachanganywe na wazima ili lengo la siku lifikiwe. Binti akaibeba ile ndoo akaiweka juu ya meza ya msimamizi, kando ya chakula chake cha mchana. "Onja wewe kwanza, Pak," akamwambia. "Ukipona, tutachanganya." Kesho yake akahamishiwa uwanjani kama adhabu, maana uwanjani kuna jua na hakuna wa kubishana naye isipokuwa mawingu. Basi akabishana na mawingu miaka yote hiyo, na mwaka 2003 akafanywa Mkuu wa Uwanja, akiwa na wanawake thelathini na mmoja chini yake.

Kwa wale wa ofisini ambao hawajawahi kutoka nje, nikumbushe kazi yenyewe. Unga wa muhogo na kamba waliosagwa hukandwa, hufinyangwa magogo, hupikwa kwa mvuke, huachwa yapoe yakaze, kisha hukatwa vipande vyembamba. Hapo ndipo shughuli inapoanza, kwa sababu vipande hivyo vinapangwa kimoja kimoja juu ya vichanja vya mianzi na kuanikwa mpaka vikauke. Kipande kilichokauka sawasawa, ukikitia kwenye mafuta ya moto, kinafumuka mara nne yake na kuchanua. Kisichokauka hakifumuki, kinakutazama tu.

Hakuna kipimo cha kiwandani kinachojua ukavu kuliko sikio la Bu Kasiyatun. Huchukua kipande, hukisogeza karibu na sikio la kulia, hukivunja. Kikilia vizuri anasema, "Kiingie." Kisipolia anasema, "Kirudi juani," na hapo hata aje nani hakiingii ghalani. Mwaka 2011 ofisi ilinunua mashine ya kupimia unyevu, ikaja na kitabu cha kurasa themanini. Ilishindanishwa na sikio hilo siku tatu. Mashine ilishinda mara moja, na siku hiyo Bu Kasiyatun alikuwa na mafua.

Kuna pia habari ya ufagio. Watu wa hapa tunajua: ukitaka mvua isinyeshe, unasimamisha ufagio wa njiti kichwa chini, unachomeka pilipili nyekundu na vitunguu kwenye ncha zake. Bu Kasiyatun ana wake kwenye kona ya uwanja. Walipokuja wakaguzi wa cheti cha ubora kutoka mji mkuu, wakamuuliza uwanja una mbinu gani ya kukabiliana na hali ya hewa. Akawaonyesha ufagio. Wakaupiga picha, wakaupima urefu, na kwenye ripoti yao, ambayo ninayo kwenye kabati, imeandikwa: "Kifaa cha kudhibiti mvua: kimoja. Hali: nzuri. Ushauri: kiwepo cha akiba." Tangu siku hiyo ufagio wa akiba umo kwenye orodha ya mali ya kampuni, na kila robo mwaka lazima mtu atie sahihi kwamba pilipili zimebadilishwa.

Sasa nije kwenye Idi ya mwaka huu, maana ukimsifu Bu Kasiyatun bila kuigusa hiyo utakuwa umemsifu mtu mwingine.

Katika kiwanda chetu kila mkubwa ni Pak, yaani Bwana, na kuna jibu moja tu kwake: "Tayari, Pak!" Mkubwa akikuuliza kama jambo linawezekana, unajibu "Tayari, Pak!" kwanza, halafu unakwenda kuuliza jambo lenyewe ni lipi. Msiuite uongo. Ni adabu. Mama yangu alinilea hivyo na najua mama zenu wamewalea hivyo, kwa sababu miaka kumi na mbili niliyokaa hapa sijamsikia mtu akimjibu Pak Harsoyo vingine, isipokuwa mmoja.

Mwezi wa kwanza, wenye maduka makubwa ya Surabaya waliuliza kama tunaweza kuwapa kerupuk za Idi, ziwafikie kabla ya tarehe 15 Machi. Swali likashuka ngazi mpaka uwanjani: majira haya ya mvua, mnakausha kiasi gani kwa siku? Bu Kasiyatun akatazama juu, akahesabu vichanja, akasema, "Kilo mia sita. Mungu akipenda na ng'ombe wa Pak Erte, mjumbe wa mtaa, wasipoingia uwanjani." Namba ikaanza kupanda. Msimamizi wa zamu akaona haya kupeleka mia sita, akaandika mia saba. Ikafika kwangu. Nami nikaona mia saba itamkunjisha uso meneja, nikaandika mia nane na hamsini, na ile hamsini niliitia ili ionekane imepigiwa hesabu. Meneja akasema kilo elfu moja. Pak Lukito wa mauzo, mtu mchangamfu, akamwambia mteja tani moja na nusu. Na siku ya kikao, mbele ya wageni, chai na kashata za karanga zikiwa mezani, Pak Harsoyo akauliza, "Lukito, tani mbili kwa siku tunaziweza?"

"Tayari, Pak!"

"Yoyok?"

"Tayari, Pak!" nikasema. Namba niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya uongo, na bado haikufika hata nusu ya ile niliyoikubali kwa mdomo.

Mteja akafurahi. Akaagiza tani sitini. Tulikuwa na siku arobaini na moja za kazi.

Nilitumwa mimi kumpelekea Bu Kasiyatun habari. Alikuwa anageuza kichanja. "Tani sitini?" akasema. "Za kerupuk au za maneno?" Nikamwambia kampuni inapanua uwezo wake wa uzalishaji ili kukidhi mahitaji ya mteja, maana ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua anaumwa. "Yoyok, mwanangu. Na jua nalo limeambiwa?"

Kupanua kukaanza. Kwanza ikanunuliwa mashine ya kukata. Mashine nzuri, nasema kweli, inakata mara tatu ya ile ya zamani. Kwa hiyo tukawa na vipande vibichi mara tatu, na uwanja uleule. Vikarundikwa kwenye mapipa, kwenye korido, juu ya meza za kantini. Siku ya nne vikaota ukungu wa kijani. Wote tuliyaona yale mapipa, tukayapita tukiwa tumeziba pua kwa heshima, na kwenye ripoti ya wiki nikaandika kwamba idara ya kukata imevuka lengo kwa asilimia mia mbili.

Halafu likaja tanuri. Lilikuja kwa malori mawili, limepakwa rangi ya fedha, na kitabu chake kilisema linakausha chai, samaki, mbao na matunda. Kerupuk hazikutajwa, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuliona hilo. Tukalifanyia dua na wali wa manjano uliopangwa kama kilima chenye ncha, kama ilivyo ada. Kilele cha wali hukatwa na kupewa anayestahili heshima kuliko wote. Pak Harsoyo akakikata, akazunguka na sahani, akamtazama Injinia Febrian aliyelifunga tanuri, akamtazama mama mwenye kiwanda, Hajah Munawaroh, mwisho akaiweka sahani juu ya tanuri. Tukapiga makofi. Kufikia alasiri kilele kilikuwa kimekauka nje, ndani kimechacha, na hilo lingetosha kutuambia kitu kama tungekuwa watu wa kuambiwa.

Siku hiyohiyo, mbele ya wafanyakazi wote, Pak Harsoyo akatangaza: tanuri likiifikisha oda ya Idi, uwanja wa kuanikia utafungwa na kujengwa ghala. "Hawa mama zetu thelathini na mmoja," akasema kwa sauti ya upole, "wamechoka na jua. Wakapumzike nyumbani." Wale mama wakapiga makofi, kwa sababu kila mtu alikuwa anapiga. Bu Kasiyatun hakupiga. Alipoulizwa baadaye alisema alikuwa ameshika sahani. Yeye mwenyewe alikuwa amebakiza miezi mitatu tu kustaafu, hakuna ambacho kingempata. Lakini katika wale thelathini na mmoja kuna wajane tisa, na kuna waliosomesha watoto mpaka chuo kwa kugeuza vichanja.

Tanuri likawashwa. Wiki ya kwanza vipande vilitoka vimejikunja kama masikio ya mbuzi. Wiki ya pili vilitoka vimenyooka, vizuri, vinang'aa, na kwenye mafuta vikalala chini kimya, vigumu kama soli ya kandambili. Vilikuwa vinakauka ngozi ya nje tu, unyevu umefungiwa ndani. Kila jioni Injinia Febrian aliulizwa kama tanuri linakwenda vizuri, na kila jioni alijibu "Tayari, Pak!" huku vipande vikipakiwa kwa mfugaji wa bata wa kijiji cha pili. Wale bata walinenepa mpaka wakashindwa kupita kwenye mlango wa banda.

Tarehe 12 Februari, Febrian alikwenda uwanjani amebeba kipande kwenye leso. Mimi nilikuwepo, nimejificha nisionwe na Pak Lukito. Bu Kasiyatun akakivunja karibu na sikio. Hakikulia.

"Nje kimepona, ndani kinaumwa," akasema.

Kijana wa watu macho yakamjaa machozi. "Bu, nimeshamwambia tayari mara kumi na mbili. Nitamwambia nini sasa?"

"Mwambie bado. Kwani ukimwambia bado atakufa? Mimi namwambia kila siku, na anakula vizuri tu."

Siku hiyo ghalani tulikuwa na tani kumi. Hamsini zilikuwa hazijulikani zitatoka wapi, na siku zilizobaki za kazi ni ishirini na saba. Wanawake wa uwanjani walikuwa wameshapiga hesabu zao, tena haraka kuliko ofisi yangu. Mbak Wartini, ambaye ndiye mwenye mdomo kuwashinda wote, akaweka kichanja chini akasimama mikono kiunoni.

"Bu, tuiache. Oda ianguke, na tanuri lao lianguke nayo. Tukiwasaidia tunajifukuza wenyewe!"

"Eeh, tuiache!" wakaitikia wengine. "Wakaanike makaratasi!"

Bu Kasiyatun akamaliza kugeuza alichokuwa anageuza, kisha akasema, na haya ni maneno yake niliyoyaandika nyuma ya mkono wangu: "Oda ikianguka, mnadhani watasema tanuri limeanguka? Nyinyi hamwajui hawa. Watasema mvua. Watasema wanawake wa uwanjani wamezeeka. Na mteja akishaondoka tunafukuzwa wote, wa juani na wa kwenye kiyoyozi, pamoja na huyu Yoyok anayejificha hapa. Kwanza tumbakize mteja. Anayetaka kutufukuza tutapambana naye mteja akiwa ndani."

Jamani, nimehudhuria semina tano za kupanua uzalishaji, mbili kati ya hizo hotelini, na hakuna aliyewahi kunieleza jambo kwa ufupi namna hiyo. Akavaa kandambili, akachukua mwavuli, akatoka getini.

Alipita nyumba kwa nyumba. Hakubeba barua wala mkataba. Alibisha hodi akauliza, "Mama Fulani, paa lako linafanya nini mchana?" Watu wakacheka, wakasema halifanyi kitu. "Basi linifanyie kazi kwa muda wa saa sita." Kufikia Jumamosi alikuwa na nyumba mia mbili na kumi na nne. Vichanja vilipoisha, vikatoka vitanda vya mianzi, milango iliyong'olewa bawaba, na nyavu za kuukuu za mabwawa ya kamba zilizonyooshwa kati ya miti miwili. Uwanja wa mpira wa vinyoya ukajaa. Ua wa msikiti ukajaa baada ya mzee wa msikiti kuhakikishiwa kwamba vitaondolewa kabla ya adhuhuri na kurudishwa baada yake. Kila nyumba ilipewa kilo tano, sita, si zaidi, na wale wanawake thelathini na mmoja wakagawana mitaa, kila mmoja akawa mkuu wa nyumba saba, akipita na kuvunja vipande sikioni. Kumbe aliwafundisha wote. Sisi tulidhani kuna sikio moja, kumbe yalikuwepo thelathini na mawili.

Na mvua? Kwenye kibanda cha ulinzi wa mtaa kuna ngoma ya mwanzi, nanyi mnajua mapigo yake: haya ya mwizi, haya ya moto, haya ya msiba. Bu Kasiyatun akaongeza mapigo matano ya haraka kwa ajili ya mvua, na akamweka bibi mmoja mwenye goti linalojua mawingu aketi pale. Tarehe 20 Februari Pak Harsoyo alikuwa anamleta mteja kuona tanuri. Gari lilipofika katikati ya mtaa, ngoma ikalia mara tano. Milango mia mbili ikafunguliwa kwa mpigo, watu wakamwagika barabarani mikono juu, wakipiga kelele, "Shusha! Shusha! Haraka!" Pak Harsoyo akafunga milango ya gari na kujiinamisha kwenye kiti, akidhani mapinduzi yamefika. Mteja alipouliza kulikoni, mkurugenzi wetu, kwa ushujaa wote, akamjibu kutoka chini ya kiti: "Ni mazoezi ya usalama kazini. Tunayafanya kila wiki." Tuna barua ya mteja inayotupongeza kwa mazoezi hayo.

Ilibidi sasa Pak Harsoyo aambiwe. Akaelezwa kuhusu mapaa, akafikiri kidogo, akafurahi sana. Kuanzia siku hiyo, kwenye nyaraka zote, nyumba mia mbili na kumi na nne zikaitwa Kitengo cha Nje cha Tanuri.

Mfungo ulipoingia tarehe mosi Machi, kazi iliendelea. Walifunga na kuanika, wakapanda ngazi midomo imekauka, na saa za kushusha zikasogezwa ili kila mama afike jikoni kwake kabla ya adhana. Mbak Wartini alianguka kutoka kwenye ngazi, akateguka mkono, kesho yake akaja kuvunja vipande kwa mkono mmoja na meno, kisha akakumbuka amefunga akaacha meno. Tarehe 14 Machi lori la mwisho likaondoka. Tani sitini kamili, siku moja kabla ya ahadi, na hazikurudi hata pakiti moja. Nilimwona Bu Kasiyatun amekaa juu ya kichanja kitupu, kofia magotini, analia. Nami nililia, na sioni haya kusema.

Hapa ndipo ulipopaswa kuisha ukurasa wangu wenye furaha. Rasimu niliyompelekea Pak Harsoyo iliishia hapa, tena bila mapaa, akaipitisha kwa kalamu nyekundu: "Vizuri. Ongeza neno 'tanuri'." Lakini kazi ya kupeleka kijitabu hiki kwa mpiga chapa nilipewa mimi, na njiani niliandika yaliyobaki.

Baada ya Idi ikatakiwa ripoti ya bodi. Fomu mpya ina sehemu ya ukaushaji, na chini yake kuna mstari mmoja tu: Tanuri. Uwanja haumo, mapaa hayamo. Nilimwendea Pak Harsoyo nikamuuliza tani hizi niziweke wapi. "Si zimekaushwa?" akasema. "Weka palipoandikwa kukausha. Ripoti iko tayari?"

"Tayari, Pak," nikasema, na nikaandika tani sitini mbele ya tanuri, asilimia mia, nikatia sahihi yangu. Kesho ni Sikukuu ya Wafanyakazi, tutapumzika. Ijumaa tarehe 2 Mei bodi inakutana chini ya Hajah Munawaroh, na kwa nguvu ya karatasi ile niliyotia sahihi itaamua kununua matanuri mawili zaidi na kuwarudisha nyumbani wale wanawake.

Wiki iliyopita Bu Kasiyatun alikuja ofisini kwangu, mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili. Akakaa. Akasema kiyoyozi kinamuumiza mifupa. "Nimesikia ni wewe unayeandika habari zangu."

"Ndiyo, Bu. Nitakusifu mpaka uone aibu."

"Usinisifu, Yoyok. Mtu hali wasifu akashiba. Andika tani. Wewe unajua ni ngapi."

Najua, Bu. Niliandika kila siku kwenye daftari langu, kwa penseli, kwa sababu hata mwongo anahitaji mahali pa kuweka ukweli. Mama Hajah, nakuomba radhi mbele ya watu wote kwa ile sahihi. Namba ni hizi. Tanuri: tani tatu na kilo mia nne. Uwanja wa kuanikia: tani ishirini na nne na kilo mia moja. Mapaa ya mtaa chini ya wanawake wa uwanja: tani thelathini na mbili na kilo mia tano. Daftari liko juu ya meza yangu, halijafungiwa.

Bu Kasiyatun, kwa niaba ya wote uliowafichia makosa yao, na mimi nikiwa mbele ya foleni, asante. Asante kwa kila kipande ulichokirudisha juani wakati sisi tulitaka kiingie ghalani. Mungu akupe umri mrefu, magoti yasiyouma, na wajukuu watakaokuachia ulale mchana. Kaa kivulini sasa, umekipata kwa haki.

Na Mama Hajah, wale thelathini na mmoja wamo humu ukumbini. Viti vya mbele vimetengwa kwa ajili ya wageni wa tanuri, kwa hiyo wamepangwa safu ya mwisho, karibu na mlango. Tafadhali, kabla hujaanza kula, geuka uwatazame.

Yoyok Prihandoko
Ofisi ya Mipango ya Uzalishaji